Battle for Wesnoth kwa anayeanza: kushinda uwanja wa kwanza bila kuteketeza jeshi

Kila ninayemwekea Battle for Wesnoth, mchezo wa vita wa kupeana zamu, kwenye kompyuta yake hunirudia baada ya siku mbili na shutuma moja: kompyuta inaiba. "Askari wangu alikuwa na asilimia 60, akakosa mara tatu. Wao wakija wanapiga zote!" Nikiomba nioneshwe mchezo aliouhifadhi, nakuta picha ileile. Askari wanane wametapakaa kama mbuzi waliofunguliwa zizi, wawili wamesimama mtoni, na saa ya mchezo inaonesha usiku.

Hakuna wizi. Mapigo matatu ya asilimia 60 kukosa yote ni jambo la mara moja katika majaribio 16 hivi, na kwenye uwanja mmoja utapigana mara nyingi kuliko hizo. Litakukuta tu. Kinachomaliza jeshi ni mahali ulipowasimamisha watu wako na saa uliyokubali kupigana.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyecheza uwanja wa kwanza mara mbili tatu akashindwa. Ni wa yule pia aliyeshinda akabaki na askari wawili, maana huyo atashindwa uwanja unaofuata.

## Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta ya kawaida. Laptop ya mtumba inatosha, haihitaji kadi ya picha. Mchezo unafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Mchezo wenyewe. Ni wa bure, programu huria, unapatikana wesnoth.org. Chukua toleo thabiti, achana na la majaribio. Faili ina mamia ya megabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku au Wi-Fi ya mtu. Ukishaliweka, kampeni zake (hadithi zenye viwanja vinavyofuatana) hazihitaji intaneti.

Kipanya. Unaweza kucheza kwa padi ya laptop, lakini siku utakayompeleka mganga wako katikati ya adui kwa kidole kuteleza utakumbuka ushauri huu.

Vitufe vitano. Viandike kwenye karatasi ubandike pembeni ya skrini: Ctrl+J inaonesha masharti ya ushindi, Ctrl+V inaonesha adui anaweza kufika wapi, N inakupeleka kwa askari ambaye hajatumika, U inarudisha hatua uliyokosea, na Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi inafunga zamu.

Na maneno machache tuelewane. Ramani imegawanywa kwa vigae vya pembe sita. Kila askari ana alama za uhai, alama za mwendo na alama za uzoefu. Kiongozi wako husimama kwenye kiti cha ngome, na wale anaowaajiri hutokea kwenye vigae vya ua wa ngome unaoungana na kiti hicho.

## Hatua ya 1: Maliza mafunzo, kisha uchague kampeni fupi

Mafunzo yako kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo. Ni mafupi, na mzee Delfador atakuelekeza kila kitu. Usiyaruke hata kama umecheza michezo mingine ya vita.

Baada ya hapo nenda kwenye kampeni, uchague A Tale of Two Brothers. Ina viwanja vinne tu na imetengenezwa kwa wanaoanza. Ukitaka ndefu kidogo, chukua The South Guard. Heir to the Throne ndiyo maarufu kuliko zote, na wengi huikimbilia kwa sababu ya jina. Ni ndefu mno kwa mtu ambaye bado anapoteza watu hovyo, iache kwanza.

Ngazi ya ugumu, chagua ya chini kabisa. Hakuna anayekutazama.

## Hatua ya 2: Soma masharti kabla ya kumgusa askari

Bonyeza Ctrl+J. Tafuta mambo matatu: unashindaje, nani hatakiwi kufa, na una zamu ngapi.

Viwanja vingine vinataka umuue kiongozi wa adui, vingine vinataka ufike mahali fulani au uvumilie mpaka zamu ziishe. Nimeshuhudia mtu akipigana kufa na kupona kwa saa nzima kwenye uwanja ambao alitakiwa kukimbia tu.

Idadi ya zamu ndiyo inayowatia watu wazimu. Wakiona kuna kikomo wanaanza kukimbia. Lakini kwenye kampeni za wanaoanza kikomo kimewekwa kwa nafasi: zipo zamu za kungoja usiku upite, ambazo utazihitaji katika hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Ajiri kwa kuangalia adui ni nani

Kila askari ana bei. Askari wa mkuki, anayeandikwa Spearman kwenye skrini, ni dhahabu 14. Mchawi wa kawaida ni 20. Anayeanza huangalia picha anayoipenda, akaajiri hao hao sita.

Angalia kwanza silaha. Mchezo unatofautisha pigo la makali, la kuchoma kwa ncha, la rungu, la moto, la baridi na la kimiujiza, na kila mwili una unachokistahimili. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mifupa inayotembea. Mkuki hupita katikati ya mbavu: pigo la askari wa mkuki ni 7, lakini kwa mifupa linashuka hadi 3. Rungu ndilo linaloivunja. Askari mzito mwenye rungu, Heavy Infantryman, ana pigo la 11, na kwa mifupa linapanda hadi 13. Mwenye mikuki sita mbele ya jeshi la mifupa ameshindwa kabla ya zamu ya pili, na si kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo bofya kulia juu ya adui yeyote unayemwona, fungua maelezo yake, usome safu ya ustahimilivu. Ni sekunde 20.

Usipojua adui ni nani, changanya: wa mikuki watatu wa kushika mstari, wawili wa kupiga kwa mbali, na mganga kama kampeni inakupa.

Onyo: usimalize dhahabu yote zamu ya kwanza ukidhani kuweka akiba ni uoga, wala usikalie dhahabu 60 huku mstari wako una askari wanne. Na kumbuka kuwa kuajiri hakurudishwi kwa U, kwa sababu tabia za askari mpya (mwenye nguvu, mwepesi, mwerevu, mvumilivu) hupigiwa kura anapozaliwa.

## Hatua ya 4: Vijiji kwanza, vita baadaye

Kwa kawaida unapata dhahabu 2 kila zamu, na 1 zaidi kwa kila kijiji unachokishika. Kampeni nyingine zinatoa zaidi. Kijiji pia kinakulishia askari: jeshi lina gharama ya kila zamu sawa na jumla ya madaraja (ngazi za cheo) ya askari wako, na kila kijiji kinabeba daraja moja bure. Ukiwa na askari 12 wa daraja la kwanza na vijiji 10, unalipa dhahabu 2 kila zamu. Kiongozi na wale walioandikwa waaminifu hawakulipishi.

Anayekanyaga kijiji humaliza mwendo wake hapohapo. Ndiyo maana kazi hii anapewa mwenye farasi au mwepesi, na wengine wanaendelea kupanga mstari. Vijiji vya nyuma vichukuliwe na aliyeajiriwa mwisho.

Utajua umefaulu ikiwa kufikia zamu ya tano namba ya mapato juu ya skrini haijawahi kuwa hasi, na hakuna kijiji cha upande wako wa ramani kisicho na bendera yako.

## Hatua ya 5: Jifunze kuuona udongo

Sasa tumefika penye kiini. Katika Wesnoth, ukiacha pigo la kichawi, nafasi ya adui kukupiga haitokani na ustadi wake. Inatokana na kigae ulichosimama wewe. Yeye anaweza kuwa tope mpaka magotini, haikusaidii kitu anapokupiga. Itakusaidia zamu yako ya kumpiga itakapofika.

Kwa binadamu wa kawaida anayetembea kwa miguu, hesabu ni hii. Ndani ya kijiji, kwenye ngome au juu ya mlima, hupigwa kwa asilimia 40. Msituni au kilimani, 50. Kwenye nyasi, 60. Mchangani, 70. Kwenye maji ya kina kifupi au kinamasi, 80.

Tuweke watu halisi. Orki (kiumbe mkali wa hadithi) wa kawaida wa upanga, Orcish Grunt, hupiga mara mbili kwa pigo la 9. Usiku linakuwa 11. Askari wako wa mkuki ana uhai 36, kwa hiyo mapigo matatu yanambakizia 3, na la nne linamuua. Akivamiwa na maorki wawili usiku, wana mapigo manne tu, yaani lazima yampate yote.

Akiwa kijijini, uwezekano wa kufa ni chini ya asilimia 3. Akiwa kwenye nyasi ni kama 13. Akiwa mtoni ni 41.

Ni askari yuleyule, maorki walewale, usiku uleule. Alichobadilisha mwenye jeshi ni hatua moja ya kushoto au kulia. Anayesema kompyuta inaiba mara nyingi alimwacha mtu mtoni kwa sababu mwendo wake uliishia hapo.

Mwendo nao una bei kwa udongo huohuo. Askari wa mkuki ana alama 5 za mwendo. Nyasi inakula 1, msitu na kilima 2, mlima na maji 3. Kwa hiyo mto wa vigae viwili unamsimamisha katikati. Kabla ya kuvuka, mpeleke mpaka ukingoni, alale nchi kavu, avuke kesho. Bora zaidi, usivuke kabisa. Mwache adui avuke, umpige akiwa ndani kwa asilimia 80.

Viumbe wengine wana udongo wao. Waelvi, viumbe wengine wa hadithi, ni wa msituni, na kumfuata Mwelvi kwenye miti ni kujitafutia. Farasi msituni ni hasara tupu. Watu wa majini, ukiwapata, waache mtoni wakulindie kivuko. Huko ndiko kwao.

Onyo: usihesabu kwa kichwa. Peleka kishale juu ya kigae unachotaka kumpeleka askari na mchezo unaandika asilimia ya ulinzi. Iliyoandikwa ni ya kukwepa, kwa hiyo 60 ni nzuri na 20 ni maji.

## Hatua ya 6: Ijue saa, na ukubali kungoja

Siku moja ya Wesnoth ni zamu sita: alfajiri, asubuhi, alasiri, machweo, na zamu mbili za usiku. Iangalie kwenye picha ya anga iliyo upande wa kulia.

Viumbe wamegawanyika. Wanadamu wa jeshi la mfalme ni wa mchana: asubuhi na alasiri mapigo yao yanaongezeka asilimia 25, usiku yanapungua kiasi hichohicho. Maorki, wafu na majambazi ni wa usiku, kinyume chake. Waelvi wengi hawajali saa. Alfajiri na machweo hakuna anayependelewa. Mapangoni giza halitoki, kwa hiyo usingoje asubuhi huko.

Mrudie yule wa mkuki. Alasiri anapiga 9 mara tatu, na orki anajibu 7 mara mbili. Usiku anapiga 5 mara tatu, orki anajibu 11 mara mbili. Kwenye karatasi mchana unaweza kumtoa 27 yeye akakutoa 14. Usiku unamtoa 15, anakutoa 22.

Sasa angalia kosa ambalo karibu kila mtu analifanya bila kujua. Zamu ya kwanza ni alfajiri: unaajiri. Ya pili asubuhi, ya tatu alasiri, ya nne machweo: unatembea. Ya tano umefika kwa adui, na ya tano ni usiku. Umetembea mchana mzima, saa yako ya nguvu, ukafika kupigana saa yake. Hata ukikutana naye katikati ya njia, mnakutana machweo na usiku unaanza.

Dawa yake ni hii. Mchana wa kwanza usiende mbali. Chukua vijiji, kisha machweo yakukute umeshapanga mstari kwenye udongo mzuri wa upande wako, ngome au vijiji viwili vilivyokaribiana. Usiku wa zamu ya tano na sita pigana kwa kujikinga. Kompyuta haina subira. Maorki watakuja wenyewe, mmoja mmoja, kadiri wanavyoajiriwa. Alfajiri ya zamu ya saba wako wengi mbele yako, wamechoka, wamesimama kwenye nyasi. Zamu ya nane na ya tisa ni zako. Hapo ndipo unapoinuka.

Ikifika machweo tena na hujamfikia kiongozi wao, rudi nyuma vigae viwili vitatu. Najua inauma kuacha ulichokiteka. Rudi.

Utajua umefaulu ikiwa askari wengi wa adui wamekufa asubuhi na alasiri, na usiku hukupoteza zaidi ya mmoja.

## Hatua ya 7: Panga mstari

Kigae kina pembe sita, kwa hiyo askari aliye peke yake anaweza kuvamiwa na sita. Akiwa kwenye mstari ulionyooka, na wenzake kushoto na kulia, waliobaki wa kumgusa kwa mbele ni wawili tu.

Hesabu yetu ya kwenye nyasi usiku: maorki wawili wanamuua kwa asilimia 13. Wakiwa wanne, kwa sababu amejitokeza peke yake kumalizia majeruhi, wanamuua kwa asilimia 83. Sita, usiulize.

Kuna kanuni inayofanya mstari ufanye kazi hata ukiwa na watu wachache. Askari yeyote wa daraja la kwanza na kuendelea anadhibiti vigae sita vinavyomzunguka. Adui akiingia kimojawapo, mwendo wake unaishia hapo. Kwa hiyo huhitaji kuziba kila kigae. Ukiacha nafasi mbili kati ya askari na askari, bado adui hapiti akaenda kumshika kiongozi wako zamu hiyohiyo. Ila nafasi hizo zinawapa maadui pembe zaidi za kukupiga, kwa hiyo tumia mstari wa mapengo kwa kuchelewesha, na mstari uliobana kwa kupigana.

Madaraja sifuri, kama maiti wanaotembea, hawazuii mtu. Na wapo wachache wenye uwezo wa kupenya udhibiti huo. Wamewekewa alama kwenye maelezo yao.

Mpango wa kuanzia:

1. Mbele weka wenye uhai mwingi na wa mikuki. Wa mkuki hupiga kwanza hata akivamiwa, na hilo humfanya adui alipie kila anapokuja.
2. Ncha za mstari ziegemee kitu: kijiji, mlima, ukuta, ukingo wa ramani. Ncha isiyoegemea kitu hushambuliwa na watatu au zaidi, na ndiyo inayovunjika kwanza.
3. Nyuma yao, kigae kimoja, wachawi na wapiga mishale.
4. Mganga akae nyuma katikati, akiwagusa wengi kadiri inavyowezekana.
5. Kiongozi akae karibu na kiti cha ngome wakati bado una dhahabu ya kuajiri.

Kabla ya kufunga zamu, bonyeza Ctrl+V. Vigae vyote ambavyo adui anaweza kufika vitaonekana. Ukikuta kimoja kimemgusa mchawi wako, una tundu. Ukiwa bado hujapigana na askari huyo wala kufunua ukungu (sehemu ya ramani iliyofichwa), U itakurudisha.

## Hatua ya 8: Shambulia kwa mpangilio

Waliokulia kwenye drafti wana ugonjwa mmoja: wakiona kete ya kula, wanakula. Kule ni lazima. Huku si lazima, na mara nyingi kula ndiyo mtego.

Kabla ya kila shambulio jiulize atakuwa amesimama wapi baada ya kupiga. Akimuua orki kutoka kwenye kinamasi, atabaki kwenye kinamasi zamu nzima ya adui.

Piga kwanza na asiyejibiwa. Orki wa upanga hana silaha ya mbali. Mpiga mishale akimsogelea na kuchagua upinde, anapiga mara tatu bila kurudishiwa hata moja. Mchawi ni mzuri zaidi dhidi ya aliyejificha mahali pazuri, kwa sababu pigo la kichawi lina asilimia 70 siku zote, adui awe kijijini au mlimani. Wakishamlainisha, wa upanga na mikuki wamalizie.

Chagua adui mmoja, mmalize, ndipo uende kwa mwingine. Majeruhi watatu wanapiga kwa nguvu ileile kama wazima watatu.

Kwenye dirisha la shambulio kuna kitufe cha kuonesha hesabu ya matokeo. Kibonyeze. Kitakwambia uwezekano wa kuua, na uwezekano wa wewe kufa. Ukiona nafasi ya kuua ni ndogo na ya kufa inaikaribia, achana nalo.

Onyo kuhusu mwenye farasi wa mkuki, Horseman: akishambulia, pigo lake linazidishwa mara mbili, na analopigwa linazidishwa vilevile. Mbele ya mchawi aliyejeruhiwa ni mfalme. Mbele ya safu ya mikuki anajichinja.

## Hatua ya 9: Mwondoe majeruhi mapema

Kijiji kinarudisha uhai 8 kila zamu inapoanza, na kinaondoa sumu. Mganga wa ngazi ya chini anarudisha 4 kwa kila anayemgusa, mchawi mweupe 8. Asiyetembea wala kupigana anapata 2. Sumu inakula 8 kila zamu. Haiui yenyewe, inakuacha na uhai 1 ukimsubiri yeyote apite.

Kipimo changu: akishuka chini ya nusu, anatoka mstarini zamu hiyo, na wa nyuma anachukua nafasi yake. Watu hungoja mpaka abaki na 5, na kwa wakati huo amezingirwa na hawezi kutoka.

Hapa kuna kishawishi cha kupakia upya mchezo kila pigo linapokosa. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila zamu, ambayo ni neema umeme ukikatika. Ukirudia zamu kwa sababu umegundua kosa lako la mpangilio, sawa. Ukirudia mara saba mpaka kete ikukubali, hutajua kamwe kwamba mpangilio ulikuwa mbovu.

## Hatua ya 10: Malizia ukifikiria uwanja ujao

Kupigana kunampa askari uzoefu sawa na daraja la adui. Kuua kunampa daraja mara 8. Kwa wa daraja sifuri ni 4. Askari wa mkuki kwa kawaida anahitaji 42 kupanda, na anapopanda uhai wake unajaa papo hapo. Kwa hiyo mpe pigo la mwisho yule aliyekaribia kupanda, usimpe kiongozi kila mara. Kiongozi wa adui wa daraja la pili ana thamani ya 16. Mchawi wako akimlipua yeye, umepata faida mara mbili.

Uwanja ukikaribia kuisha, usiwatupe watu kwa haraka ya kumaliza. Kumaliza mapema kunalipa dhahabu ya ziada kulingana na vijiji na zamu zilizobaki, na sehemu ya dhahabu yako inavuka nawe. Lakini askari mzoefu huitwa tena kwa dhahabu 20 tu, awe wa daraja la pili au la tatu. Hakuna bonasi ya zamu moja inayomlipa huyo.

Uwanja wa pili ukianza, fungua orodha ya kuwaita wakongwe kwa Alt+R kabla ya kuajiri yeyote. Ukikuta majina sita, wawili kati yao wa daraja la pili, endelea. Ukikuta mawili, fungua hifadhi za uwanja uliopita, tafuta zamu ya nne, machweo, uanze tena kabla hujavuka mto.